Jimmy Buffett na Nyimbo 13 Zilizomtosha Maisha

Oktoba 1985 kampuni ya MCA ilitoa santuri ya mwimbaji wa Kimarekani Jimmy Buffett iitwayo Songs You Know by Heart, yaani nyimbo ulizozikariri. Chini ya jina hilo kuliandikwa Greatest Hit(s), herufi ya wingi ikiwa imefungiwa kwenye mabano. Mtu anatoa mkusanyiko wa vibao vyake vikubwa, na papo hapo juu ya jalada anakiri kwamba kibao kikubwa hasa ni kimoja. Chati za Billboard, jarida la muziki la Marekani, zinamuunga mkono: "Margaritaville" ilifika nambari 8 mwaka 1977, "Come Monday" ilikuwa imeishia nambari 30 mwaka 1974, "Cheeseburger in Paradise" ikakwamia nambari 32 mwaka 1978, na nyingine zikabaki chini zaidi ya hapo.

Lakini santuri hiyo ndiyo iliyouzika kuliko zote alizowahi kutoa. Huko Marekani imethibitishwa kuwa platinamu mara 7, yaani nakala milioni 7. Wanamuziki wengi waliokuwa na vibao vitano sita vya nambari moja hawajafika hapo. Mimi nina maelezo yangu, na hayahusu pombe wala ufuo wala mashati yenye maua. Naamini watu waliirudia santuri hii kwa sababu ndani yake mna huzuni nyingi, na huzuni hiyo imewekwa mahali ambapo mtu anaweza kuisikiliza hadharani, glasi mkononi, pasipo mtu kumuuliza ana nini.

Mimi niliijulia baharini. Nilizaliwa Likoni, nikafanya kazi hoteli za Diani, kisha nikapata mkataba wa kuhudumu kwenye meli ya kitalii iliyokuwa ikitoka Florida kuzunguka visiwa vya Karibi. Kwenye baa ya bwawa la kuogelea nyimbo hizi zilipigwa kila alasiri, bila kukosa. Mwanzoni zilinipita kama kelele za kazini tu. Kiingereza nilikijua, ila nilikuwa sisikilizi maneno. Nilikuwa nahesabu glasi. Baadaye, kwa vile wimbo ukiusikia kila siku hatimaye unakuingia utake usitake, nikaanza kuyafuata. Ndipo nikashangaa watu wanacheka nini.

Chukua mpangilio wa upande wa kwanza. Unaanza na "Cheeseburger in Paradise", wimbo wa jamaa aliyejaribu kuacha nyama, akaishi kwa maji ya karoti na mbegu za alizeti, na usiku akawa anaota mkate wenye nyama na jibini. Ni mchangamfu, haudai chochote. Mara tu unapoisha inaingia "He Went to Paris". Kijana anakwenda Paris kutafuta majibu ya maswali yanayomsumbua. Anakaa, anahamia Uingereza, anapiga piano, anaoa mwigizaji, wanapata mtoto. Kisha vita vinamchukulia mtoto, mabomu yanamuua mke, naye anabaki na jicho moja. Anaishia visiwani, mzee anayevua samaki na kuandika kumbukumbu zake, akisema kwamba yalikuwepo ya ajabu na yalikuwepo ya msiba, ila kwa jumla ameishi vizuri. Yote hayo kwa dakika tatu na nusu hivi, kwa sauti ya mtu anayesimulia habari za jirani.

Aliyemtia wazo la wimbo huo alikuwa Eddie Balchowsky, mpiga piano wa Chicago aliyepigana vita vya Hispania vya miaka ya 1930 na kupoteza mkono wake wa kulia huko. Buffett alimkuta akifanya usafi kwenye klabu ya muziki, kijana mwenye gitaa akiongea na mzee mwenye ufagio. Alimsikiliza, akabadili mengi, akatoka na wimbo. Bob Dylan alipoulizwa mwaka 2009 kuhusu watunzi anaowapenda, Buffett alikuwa kati ya aliowataja, na wimbo huu ni mmojawapo wa nyimbo zake alizozitaja. Wengi walidhani anatania. Mimi sidhani.

Buffett mwenyewe alizaliwa Pascagoula, Mississippi, siku ya Krismasi mwaka 1946, akakulia Mobile, Alabama, mji wa bandari. Babu yake alikuwa nahodha. "Son of a Son of a Sailor", wa nne kwenye santuri hii, ni salamu ya mjukuu kwa babu huyo. Nina udhaifu na wimbo huo, kwa sababu kwetu pia tumelelewa na hadithi za wazee waliokwenda na kaskazi na kurudi na kusi. Mtoto unasikiliza majina ya bandari ambazo hutazifikia ng'o. Mjukuu wa baharia hurithi hadithi, chombo hakirithi, na akikua anahisi kuna kazi ya kiume iliyokwisha kabla zamu yake haijafika. Buffett alilijua jambo hilo vizuri sana.

Alimaliza shahada ya historia Chuo Kikuu cha Southern Mississippi mwaka 1969, akaenda Nashville, akaandikia jarida la Billboard, na mwaka 1970 akatoa santuri ambayo karibu hakuna aliyeinunua. Mwaka 1971 rafiki yake Jerry Jeff Walker alimchukua kwa gari wakateremka hadi Key West, kisiwa cha mwisho unachofikia kwa gari huko Florida, mahali ambapo Cuba iko karibu kuliko Miami. Key West ya wakati ule ilikuwa mji wa wavuvi, waandishi, watoro na wasafirishaji wa bangi. Hapo ndipo alipopata watu wa kuwaimba.

Mmoja wao alikuwa Phil Clark, mhudumu wa baa ya Chart Room, na kazi nyingine za usiku ambazo hazikuandikwa popote. Huyo ndiye "A Pirate Looks at Forty", wimbo wa mwaka 1974. Anaongea na bahari kama mama yake. Anasema kazi yake halisi ilikuwa uharamia, lakini amezaliwa miaka 200 baada ya maharamia kwisha. Amevusha magendo, amepata pesa za kutosha kununua mji, amezitapanya zote. Sasa anakaribia miaka 40 na hana la kuonyesha. Buffett alikuwa hajafika hata 30 alipoutunga, na hilo ndilo linanishika kila nikiusikia: kijana aliyetazama mtu mzima aliyeshindwa, akamtazama kwa heshima, wala hakumhukumu. Mwaka 1982 Bob Dylan na Joan Baez waliuimba pamoja jukwaani Pasadena, California, kwenye tamasha la kupinga silaha za nyuklia.

Kwenye meli yetu wimbo huo ulipofika, wazee wa kiume walinyamaza. Nilikuwa nawaona. Wanaume wa umri wa kustaafu, wenye ngozi iliyoiva kwa jua, ambao dakika tano zilizopita walikuwa wakipiga kelele na kuinua mikono juu ya vichwa vyao kuigiza mapezi ya papa, kwa sababu wimbo wa "Fins" unadai hivyo. Sasa wanatazama maji. Wake zao wanawaacha. Ukihudumu unajifunza kutopita na sinia wakati kama huo.

Halafu inakuja "Margaritaville", na hapa naomba nikae kidogo.

Kila mtu anajua kwamba ni wimbo wa kinywaji. Kinywaji chenyewe nimekitengeneza mara nyingi mno: unachukua kipande cha ndimu, unakizungusha kwenye ukingo wa glasi, unaugusisha ukingo huo kwenye chumvi ya mawe iliyotandazwa kwenye sahani, unakung'uta inayozidi, ndipo unamimina tekila, maji ya ndimu na likari ya machungwa pamoja na barafu. Chumvi ndiyo kila kitu. Bila chumvi mteja anakurudishia. Sasa mtu wa kwenye wimbo amepoteza kichupa cha chumvi. Anacho kinywaji, amepoteza kile kitu kidogo kinachokifanya kinywaji kuwa chenyewe, naye anakitafuta siku nzima barazani.

Hakuna linalotokea kwenye wimbo huo. Kuna kamba wanaoanza kuchemka jikoni. Kuna watalii waliojipaka mafuta wakiokwa na jua. Jamaa amekatika kandambili, amekanyaga kifuniko cha kopo, kisigino kimepasuka. Ana tatuu mpya ya mwanamke na hakumbuki alivyoipata. Msimu mzima umepita hivyo. Chini ya yote yumo mwanamke ambaye hatuelezwi lolote juu yake, isipokuwa kwamba watu wanasema ndiye aliyesababisha.

Lakini sikiliza kiitikio kinavyobadilika. Mara ya kwanza anasema kuna wanaodai mwanamke ndiye wa kulaumiwa, ila yeye anajua si kosa la mtu. Mara ya pili anasema, labda ni kosa langu. Mara ya tatu labda imeondoka: ni kosa langu mimi, na neno kali linatangulia. Maneno mengine yote ya kiitikio ni yale yale, muziki ni ule ule. Kimebadilika kipande kidogo mwishoni mwa mstari, na katika kipande hicho mtu amevuka kutoka kujidanganya hadi kukubali. Ningekuwa nafundisha utunzi wa nyimbo ningeanzia hapo. Watunzi wengi wangeongeza ubeti mzima wa kueleza majuto. Yeye aliwaachia watu waimbe kwa furaha, na wakiwa wanaimba wanakiri.

Tena wanakiri kwa sauti kubwa. Ule mstari wa tatu ndio unaopigiwa kelele kuliko yote. Umati mzima unatamka kosa ni langu, mikono juu, wakicheka. Nimeona hivyo sana, na sijawahi kuona ni upuuzi.

Upande wa pili ni mwepesi zaidi. Unafunguliwa na "Come Monday", barua ya mwanamume aliye safarini kwa mpenzi wake Jane, ambaye walioana mwaka 1977. Gitaa lile linalolia kwa kutelezeshwa chuma juu ya nyuzi ndilo linalobeba wimbo. Wimbo ulitaja viatu vya kampuni fulani kwa jina, na kwa vile BBC haikuruhusu matangazo ya biashara, ilibidi aurekodi tena mstari huo kwa ajili ya Uingereza. "Changes in Latitudes, Changes in Attitudes" ni mzuri. "Why Don't We Get Drunk" siupendi. Ulitungwa kuudhihaki muziki wa kantri wa wakati ule, na dhihaka ikishapitwa na kile inachokidhihaki hubaki matusi matupu. "Pencil Thin Mustache" na "Grapefruit, Juicy Fruit" ni kumbukumbu za sinema na ujana, zinapendeza zikipita. "Boat Drinks" ni ya mtu aliyechoka baridi anayetaka tikiti ya ndege aondoke.

Ipo kasoro moja ambayo mtu wa pwani hawezi kuacha kuiona. Katika nyimbo zote 13 karibu hayumo mwenyeji. Kuna nahodha, kuna mlevi, kuna mtalii, kuna haramia mstaafu, kuna msichana aliyetoka Cincinnati. Aliyechemsha hao kamba hatajwi. Kwetu mambo yalikwenda kinyume. Them Mushrooms walitoa "Jambo Bwana" mwaka 1982, miaka mitatu kabla ya mkusanyiko huu, na wimbo huo ulizaliwa na maisha ya bendi za hoteli za Mombasa: mwenyeji anamwimbia mgeni, anamkaribisha, anamtoa wasiwasi. Buffett ni mgeni aliyeamua kubaki na kujiimbia mwenyewe. Nimefanya kazi upande ule wa wimbo unaosema karibu, na nimefanya kazi nikisikiliza upande huu. Simlaumu. Mtu huimba anachokijua, na kumwingiza mwenyeji kwa nguvu kungetoa kitu cha uongo. Ila nasema pengo lipo, na mtu akinisikia namsifu Buffett ajue kwamba nimeliona.

Mahali pamoja pengo hilo lilizibwa na historia yenyewe, na huo ndio wimbo wa mwisho wa santuri: "Volcano".

Mwaka 1979 Buffett na bendi yake ya Coral Reefer walikwenda kurekodi kisiwani Montserrat, koloni dogo la Uingereza katika Karibi. George Martin, mtayarishaji wa Beatles, alikuwa amefungua studio yake ya AIR huko mwaka huo huo. Juu ya kisiwa ulisimama mlima wa volkano, Soufrière Hills, ambao ulikuwa umelala. Buffett akatunga wimbo wa kuchezeka akishirikiana na wenzake wa bendi, wapigaji wa pale kisiwani wakashiriki kuurekodi, swali lake likiwa moja: mlima ukilipuka, mimi nitakwenda wapi? Kisha anaorodhesha mahali asipotaka kuangukia, kikiwemo Three Mile Island, kinu cha nyuklia cha Pennsylvania kilichokuwa kimepata ajali Machi mwaka huo. Ni mzaha mtupu, na mdundo wake ndio ulio karibu zaidi na Karibi kuliko wimbo mwingine wowote kwenye mkusanyiko.

Septemba 1989 kimbunga Hugo kiliipiga Montserrat, na studio ikafungwa isifunguliwe tena. Tarehe 18 Julai 1995 mlima ukaamka. Mji mkuu, Plymouth, ukahamwa, kisha ukafukiwa na majivu na matope. Tarehe 25 Juni 1997 mlipuko mmoja uliua watu 19. Zaidi ya nusu ya wakazi waliondoka kisiwani, wengi wakaenda Uingereza na Antigua. Mpaka leo sehemu kubwa ya kusini ya kisiwa ni marufuku kuishi mtu.

Jikoni kwenye meli yetu tulikuwa na mama mmoja aliyezaliwa Plymouth. Tulimwita Auntie, wote, hata wakubwa wake wa kazi. Siku moja "Volcano" ilikuwa inapigwa huko juu ikasikika hadi kwenye lifti ya mizigo, nikamwona anaimba nayo kwa midomo huku anamenya viazi. Nikamuuliza, Auntie, huu wimbo haukuumizi? Akasema ni wimbo wao, ulirekodiwa kwao, waliucheza kwenye sherehe miaka yote kabla mlima haujaamka. Kisha akaanza kunitajia mtaa wao: duka la vitambaa, duka la dawa, kanisa, nyumba ya mwalimu, nyumba yao. Alikwenda nyumba kwa nyumba kama mtu anayetembea. Kiazi alichokishika hakukimaliza.

Tarehe 15 Septemba 1997 George Martin aliandaa tamasha la kuchangia Montserrat kwenye ukumbi wa Royal Albert Hall, London. Walikuja wakubwa: Paul McCartney, Eric Clapton, Elton John, Sting, Mark Knopfler. Arrow alikuwepo pia, mwana wa Montserrat mwenyewe, yule wa "Hot Hot Hot". Na Jimmy Buffett akasimama akaimba "Volcano". Nikifikiri ilivyohitaji ujasiri! Wimbo wa mzaha juu ya mlipuko, mbele ya watu waliokusanyika kwa sababu ya mlipuko wenyewe. Lakini nadhani kwa maneno ya Auntie alikuwa na haki ya kuuimba, na kukaa kimya kungekuwa kuwanyang'anya kitu chao. Swali la wimbo lilikuwa limeacha kuwa la mgeni mwenye tikiti ya kurudi. Lilikuwa la wenyeji, na walikuwa wameshalijibu kwa miguu yao.

Ukizihesabu nyimbo za mkusanyiko huu utaona jambo la ajabu. Zote 13 zilitoka kati ya mwaka 1973 na 1979, kwenye santuri sita. Za miaka ya 1980 hakuna hata moja, ingawa alikuwa ametoa santuri kadhaa katika miaka hiyo. Aliishi karibu miaka 38 zaidi baada ya mkusanyiko, na kila alipopanda jukwaani watu walizidai hizi hizi. Mwaka 1985 ndio pia alipofungua duka la Margaritaville huko Key West, na ndio mwaka Timothy B. Schmit wa Eagles, aliyekuwa akimpigia besi, alipowabandika mashabiki jina la Parrot Heads walipofurika uwanjani Ohio na kofia za kasuku. Mwaka 1987 mkahawa ukafuata, kisha hoteli, kisha vijiji vya wastaafu. Mwaka 2023 jarida la Forbes lilimweka kwenye orodha ya mabilionea. Alifariki tarehe 1 Septemba mwaka huo, akiwa na miaka 76, kwa saratani ya ngozi. Mtu wa jua na bahari, akaondolewa na ugonjwa wa ngozi. Niliposoma habari hiyo niliumia kama vile nimepotelewa na mtu tuliyekuwa tukifanya zamu pamoja.

Wapo wanaosema biashara iliua utunzi. Sikubaliani nao moja kwa moja. "One Particular Harbour" ya mwaka 1983, yenye maneno ya Kitahiti ndani yake, ni wimbo mkubwa, na iliachwa nje ya mkusanyiko pengine kwa kuwa ilikuwa changa mno kuitwa ya kukariri. Ningekuwa mimi mpangaji ningeutoa "Why Don't We Get Drunk" nikaweka huo. Ningeingiza pia "Tin Cup Chalice" kutoka A1A, santuri ya mwaka 1974 ambayo kwangu ndiyo bora kuliko zote alizofanya, na ambayo kwenye mkusanyiko huu imepewa nafasi moja tu.

Kwa hiyo ukiwa mgeni kwake, anza na huu mkusanyiko kwa mpangilio wake, upande wa kwanza wote bila kuruka, ukiwa na maneno mbele yako. Ukimaliza nenda moja kwa moja kwenye A1A. Ukitaka zaidi kuna sanduku la mwaka 1992, Boats, Beaches, Bars & Ballads, sidii nne zenye nyimbo 72. Mimi nilinunua langu la mitumba huko Fort Lauderdale, sidii moja ikiwa na mikwaruzo, na bado inacheza.